Orodha ya programu niliyoombwa, na dola 640 zilizonipotea

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa msomaji aliyeko Mwanza, ulioanza kwa "Shikamoo kaka" na kwenda moja kwa moja kwenye haja yake: amepata mteja wake wa kwanza wa nje ya nchi, naye anaomba nimtumie orodha ya programu zote ninazotumia kufanya kazi kwa mbali ili azilipie kabla mwezi haujaisha. Nilianza kumwandikia orodha hiyo, nikafika jina la saba, kisha nikaifuta yote, kwa sababu nilikumbuka kwamba mwaka 2023 nilikuwa na programu kumi na moja na bado nilidhulumiwa.

Mwanzo wa safari yangu siusimulii, kwa kuwa unafanana na wa wengi wetu: kompyuta ya mtumba, bando la usiku na maombi ya kazi yasiyojibiwa. Ninaanzia pale nilipopata kazi ya kutafsiri maandishi ya programu ya simu kwa kampuni moja ya Ulaya. Mazungumzo yetu yote yalifanyika katika programu ya ujumbe waliyoifungua wao, kwa kifurushi cha bure. Mwezi Januari msimamizi wao aliniandikia humo kwamba maneno yatakayoongezeka nje ya mkataba yatalipwa kwa bei ileile, nami nikamjibu kwa alama ya dole gumba, nikaridhika.

Mwezi Mei nilituma ankara ya nyongeza hiyo, dola 640. Alijibu kwa adabu kwamba hakumbuki makubaliano hayo na akaniomba nimwonyeshe. Nilikuwa nimekaa barazani Tabata, mwenye nyumba amekwisha kuniulizia kodi ya miezi sita, nikapandisha ujumbe kwa kidole hadi kidole kikagonga ukuta: mwezi Februari, kisha maelezo mafupi kwamba ujumbe wenye zaidi ya siku 90 umefichwa mpaka mwenye akaunti alipie. Mwenye akaunti alikuwa ni yeye yule niliyekuwa nikimdai. Hata kama ningekuwa na fedha za kulipia, mlango haukuwa wangu.

Sikulipwa hadi leo, na sitajifanya kwamba nimesahau.

Tangu hapo ndipo nilipoielewa biashara ya programu hizi. Wakati wa UVIKO-19 ilinenepa ghafla: Zoom, iliyokuwa na washiriki wa mikutano wapatao milioni 10 kwa siku mwezi Desemba 2019, ilifikisha milioni 200 mwezi Machi 2020, na mwishoni mwa mwaka huo kampuni ya Salesforce ilitangaza kuinunua Slack, programu ya ujumbe wa kikazi, kwa takriban dola bilioni 27.7. Fedha za namna hiyo hazirudi kwa hisani. Zinarudi kwa kumtoza kila mtumiaji kila mwezi, na anayetumia bure hupimiwa kwa kibaba: dakika za mkutano, nafasi ya kuhifadhi mafaili, siku ambazo ujumbe wake utaonekana. Sisemi ni wizi, kwani masharti huandikwa wazi. Sisi ndio tusioyasoma, tukadhani tumepewa ofisi kumbe tumekaribishwa sebuleni.

Kwa hiyo, ndugu zangu, andikeni. Makubaliano yakifanyika kwenye simu au kwenye mazungumzo, siku hiyohiyo mtumie mteja barua pepe fupi yenye kazi, bei na tarehe, umwombe athibitishe kwa maneno, maana dole gumba si saini. Kisha weka nakala mahali unapopamiliki wewe. Mimi huandika pia kwenye kauntabuku, na wanaonicheka waendelee kunicheka.

Nakala hizo ziliniokoa tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na mtandao ukatuyumbia Tanzania nzima. Wenzangu wawili walikuwa na kazi zao zote mtandaoni, wakabaki kutazama duara likizunguka kwenye skrini. Mimi nilikuwa na mafaili kwenye kompyuta, nikatafsiri siku mbili mfululizo bila kuhitaji mtu, na mtandao ulipotengamaa kidogo usiku nikaituma kazi. Mteja huyo ninaye mpaka sasa, na nakiri kwamba jambo hilo hunipa majivuno kuliko malipo yenyewe.

Dada wa Mwanza, jibu lako basi ni hili. Tumia programu ileile ya mikutano anayoitumia mteja wako, barua pepe yako mwenyewe, na kauntabuku ya kurasa mia mbili. Fedha ulizotenga kulipia programu nyingine, nunulia betri mpya ya kompyuta, kwa sababu uliniandikia kwamba uliyonayo haimalizi dakika ishirini umeme ukikatika.