PS4 au kompyuta ya mezani? Jibu kwa mzazi wa Wete

SWALI: Fundi, assalaam alaykum. Niko Wete, Pemba. Mwanangu yuko kidato cha pili, hanipi pumzi anataka PS4, ile mashine ya gemu. Mama yake anasema tununue kompyuta, itamfaa kwa skuli na gemu pia atacheza. Nilipokuja Unguja nilipita Darajani, nikaoneshwa PS4 Slim iliyotumika na pedi zake mbili kwa 650,000, na Dell ya mezani ya i5, ile nyembamba, kwa 450,000. Muuzaji akasema Dell hiyo nikiitia kadi ya grafiksi itaipita PS4 mara mbili. Nina milioni moja na laki mbili, TV ipo nyumbani. Je, ni kweli? Na kwa umeme wetu huu, kipi kitahimili?

JIBU: Waalaykumu ssalaam, ndugu yangu. Muuzaji hakukudanganya moja kwa moja, ila kakupa nusu ya khabari. Nusu ya pili imejificha kwenye neno lako mwenyewe, "nyembamba". Nitalifikia.

Kwanza hiyo "mara mbili". PS4 ilitoka mwaka 2013, na chipu yake ya picha ina teraflopu 1.84, yaani kipimo cha wingi wa hesabu inazopiga kwa sekunde. Kadi ambayo mafundi wengi huitia kwenye Dell za aina hiyo ni GTX 1650 ya mwaka 2019, ina takriban 2.98. Hesabu za mashine mbili tofauti hazilinganishwi hivi hivi kama unavyopima sukari, lakini zinatosha kukuonesha kwamba ni mara moja na nusu hivi, si mbili. Pale inapoachwa mbali hasa PS4 ni kwenye prosesa, yaani ubongo wa mashine. Ina kori (vitengo vya kufanyia kazi) nane, lakini dhaifu, za 1.6 GHz; i5 ya ofisini ya mwaka 2015 inaipita bila jasho.

Kwa mpira, ambao nadhani ndio anaoulilia mwanao, kuna jambo wauzaji hawalisemi. Tangu FIFA 23, toleo la kompyuta ndilo lile lile la PS5. La PS4 ni la zamani, limevalishwa jezi mpya tu. FC 24, ndiyo FIFA iliyobadilishwa jina, kwenye kompyuta inataka kwa uchache i5-6600K, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 8, kadi ya GTX 1050 Ti na nafasi ya GB 100 kwenye diski. GTX 1650 iko juu ya hapo.

Lakini PS4 nayo ina lake. Anayetengeneza gemu ya PS4 anajua mashine atakayoikuta, hivyo anaipima gemu yake kwa kipimo hicho kimoja. Unatia CD, unasubiri, unacheza. Kwenye kompyuta mwanao atakaa kwenye menyu akipunguza vivuli na kushusha ubora wa nyasi mpaka picha iache kukwama. Na mara nyengine kompyuta hungojeshwa: GTA V ilitoka kwenye konsoli, yaani mashine za gemu kama PlayStation, mwaka 2013, kompyuta ikaipata 2015. Akikutajia GTA VI, mwambie imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series. PS4 haimo, kwa hiyo asikushawishi kwa hiyo.

Sasa "nyembamba". Siku moja alikuja kijana mezani kwangu, kapakata Dell nyembamba kwenye mfuko wa plastiki na kadi ya grafiksi ya feni mbili aliyoagiza kwa pesa zake za likizo. Nikafungua kifuniko. Bati la nyuma la kadi lilikuwa refu kuliko kasha lenyewe, halifungiki. Tukasema tulitoe bati, tujaribu hivyo hivyo. Kadi ikaingia kwenye tundu lake, lakini ilitaka waya wa pili wa umeme, na pawasaplai ya ndani ya Dell, kile kifaa kinachogawa umeme, ilikuwa ya wati 180 na waya huo haina kabisa. Akaniuliza kama anaweza kununua pawasaplai nyengine akaiacha nje na kasha wazi. Nikamkatalia. Kwa hewa yetu hii ya chumvi, mashine iliyo wazi ndani ya miezi utaikuta pini zake zimeota kijani. Muuzaji wa kadi hakutaka kuirejesha. Kijana akaondoka na vitu viwili vizuri visivyooana.

Kwa hiyo ukinunua Dell, HP au nyengine yoyote ya ofisini, chukua kasha nene, lile la kusimama. Na kadi iwe ile isiyotaka waya wa ziada: tundu la ubao mama, ule ubao mkubwa wa ndani, linatoa wati 75, na GTX 1650 nyingi zinatosheka na hizo. Zipo zenye tundu la waya pembeni, hizo ziache. Zipo pia fupi kwa ajili ya makasha membamba, lakini huadimika, na muuzaji huujua uadimu wake.

Jambo la pili ni hiyo "i5". Mtu kukwambia "hii i5" ni sawa na kukwambia "nna samaki". Samaki gani, changu au dagaa? Angalia tarakimu ya kwanza baada ya kistari. i5-6500 ni kizazi cha sita, i5-8500 ni cha nane. Tofauti hii si ya mapambo. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane. Dell OptiPlex 7050 ni ya kizazi cha sita au cha saba, 7060 ni ya nane. Kwa macho zinafanana kama pacha. Dell ya kizazi cha sita kwa 450,000 mimi nisingeichukua hata kwa laki tatu.

Umeme. Pemba mnapata umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, na waya huo hauna hatia na kila kukatika; mara nyingi ni nguzo na matawi ya minazi ya mtaani. Kwa volteji kupanda na kushuka, PS4 na Dell za karibuni zote zimeandikwa 100 hadi 240 kwenye kibandiko, zinavumilia. Kisichovumilia ni zawadi ya jamaa aliyeko Marekani: Xbox 360 ya kule ina adapta ya volti 100 hadi 127 tu. Ichomeke kwenye 230 yetu, utasikia mlio mmoja na harufu.

Kukatika ghafla ndiko kunakoumiza, na kunaumiza zaidi diski ya kuzunguka, ambayo ndiyo iliyomo kwenye PS4. Umeme ukirudi, itakulalamikia kuwa haikuzimwa kwa utaratibu, ianze kujikagua. Safari moja si kitu. Safari ya arubaini diski huanza kusoma kwa kusitasita na gemu zinachukua dakika kufunguka. Diski hiyo ni ya inchi 2.5, inabadilishika, hata SSD, ile isiyozunguka, inakubali. UPS, yaani betri ya akiba, ndogo ya VA 650 inatosha kwa mashine yoyote kati ya hizi mbili, na usiinunue ukidhani mtoto atachezea. Inampa dakika chache za kuhifadhi na kuzima. Na mfundishe umeme ukikatika achomoe plagi ya TV pia, asubiri utulie.

Gharama ambayo watu hawaipigi hesabu ni gemu zenyewe. PS4 inakula CD, na CD huazimwa, hubadilishwa, huuzwa. Kama vijana wa mtaani kwenu wana PS4, mwanao ataingia kwenye mzunguko huo kwa CD mbili tu. Kucheza mtandaoni ni hadithi nyengine: gemu nyingi za kulipia zinataka ada ya PlayStation Plus, na Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za PSN, mtandao wa PlayStation, ndiyo maana kila mwenye PS4 hapa ana akaunti ya "Uingereza" au "Dubai". Kompyuta haidai ada ya kucheza mtandaoni, na Steam, duka la gemu za kompyuta mtandaoni, inauza hata kwetu, lakini gemu zake zinakuja kwa kupakua. GB 100 kwa bando la simu, hesabu mwenyewe. Afueni ni kwamba tangu 2023 Steam inaruhusu gemu ihamishwe kutoka kompyuta moja hadi nyengine ndani ya nyumba bila kula bando, au mwenzake amnakilie kwenye diski ya nje. Bado kila mmoja atahitaji kuinunua ya kwake.

Kuhusu skuli, mama yake ana haki, ila pengine si kwa sababu anayoifikiria. Nimemuona mtoto wa rika la mwanao aliyekuwa na PES 2017, gemu ya mpira, kwenye kompyuta mbovu mbovu. Alitaka Mlandege na KMKM, timu zetu, wawemo. Akajifunza kuchora jezi, kupunguza ukubwa wa picha, kutafuta folda sahihi, kutunza nakala ya faili la awali kwa sababu la kwanza aliliharibu. Hakuna mwalimu aliyemtuma. PS4 nayo inakubali jezi za PES kwa flashi, ukiziweka kwenye folda iitwayo WEPES, lakini inaishia hapo, ndani huingii.

Ningekuwa wewe, na mtoto ni huyu mmoja, ningenunua kompyuta: kasha nene, kizazi cha nane, RAM ya GB 8 kwa vipande viwili vya nne nne, SSD, na UPS. Kadi ningeiacha kwanza. Grafiksi iliyomo ndani ya i5-8500 inacheza PES za zamani na Minecraft kwa raha, na baada ya miezi sita, alama za skuli zikikuridhisha, unamuongezea GTX 1650. PS4 huwezi kuinunua kwa vipande namna hiyo. Pedi atumie hata ya PS4, Steam inaitambua. Uliza na kiungio cha HDMI, kwani baadhi ya Dell za ofisini zina tundu la DisplayPort tu na TV yako haitakuwa nalo.

Lakini kama nyumbani kuna wadogo zake watatu, na binamu wanajaa sebuleni kila baada ya tarawehe, chukua PS4 na usijutie. Watu wanne kwenye busati moja wakipokezana pedi, hapo PS4 haina mpinzani.

Na ukiichukua, usilipe kabla hujafanya haya palepale dukani. Nenda na CD yako, uitie, ucheze nusu saa nzima. Sikiliza feni, ikivuma kama boti inayotoka bandari ya Malindi, ndani kuna vumbi la miaka. Shika waya wa HDMI utikise kidogo, picha isipotee. Hakikisha inasoma CD bila kuirudisha, kwani kisoma CD cha PS4 kimefungamanishwa na ubao mama wake, na cha mashine nyengine ukikihamisha na sakiti yake hakitacheza gemu. Ukiambiwa "hii imefunguliwa, gemu zote bure humo", rudisha pesa mfukoni: ukiiunganisha na mtandao inaweza kufungiwa, na siku ikijisasisha yenyewe hizo gemu za bure hazifunguki tena.

Boti ya kurudi Pemba, ipakate. Usiipeleke kwenye shehena.