Mbwa akinguruma, weka fimbo chini

Mbwa wangu, Askari, nilimchukua akiwa mdogo kiganjani. Nikamfunga mnyororo chini ya mwembe mchana kutwa, maana hapa Nyegezi, Mwanza, kila mtu aliniambia mbwa wa kufungwa huwa mkali. Kweli akawa mkali: kwa wageni, kwa bodaboda, kwa mtoto wa dada yangu, hatimaye hata kwangu.

Ugomvi wetu ulianzia kwenye mapanki, yale mabaki ya sangara baada ya minofu kuondolewa. Nilikuwa namchemshia na dona, na mtu akipita karibu na sufuria lake ananguruma. Niliona ni utovu wa adabu, nikawa namchapa. Akanyamaza, nami nikatamba mtaa mzima kwamba nimemnyoosha. Siku moja nikainama kuokota sufuria tupu, akaniuma mkono bila kutoa hata sauti. Kumbe kunguruma ndiko kulikuwa kunionya, na mimi ndiye niliyemfundisha aache.

Niliosha jeraha kwa sabuni na maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 15, jirani akinihimiza nipake majivu (sikumsikiliza), kisha nikaenda kuchomwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Naona aibu kusema Askari hakuwa amechanjwa. Tulimtenga siku 10 tukimwangalia. Akabaki mzima, akachanjwa, na sasa hachelewi chanjo ya mwaka.

Bwana mifugo alinishauri nianze upya. Sufuria nikalihamishia pembeni, mbali na njia. Akila, napita kwa mbali na kumrushia dagaa, bila kusimama. Siku zilivyokwenda nikasogea hatua moja moja. Akikakamaa mwili au akiacha kutafuna, narudi nyuma. Ilinichukua miezi miwili, na zaidi ya mara moja niliharibu kwa haraka zangu. Mnyororo niliutupa, nikamjengea banda, na alfajiri tunatembea ufukweni kwa kamba kabla watu hawajawa wengi.

Ila mbwa mpole akibadilika ghafla, akatoka udenda, akashindwa kumeza au akayumba, usijaribu kumfundisha lolote. Kaa mbali naye, zuia watoto, mwite afisa mifugo.

Siku hizi Askari akiniona naelekea kwenye sufuria anatikisa mkia. Mtoto wa dada bado simruhusu kumkaribia akila. Anakaa barazani na kopo lake la dagaa, anarusha kutoka hukohuko, na nusu wanaishia kwa kuku.