Waranti ya nyongeza? Kwanza tuione oili ya giaboksi

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Ukinunua gari, ulipie waranti ya nyongeza au hela hiyo uitunze mwenyewe?" Jibu la haraka ni usilipie. Jibu refu linaanzia kwenye swali ambalo hamkuliuliza: ni kitu gani hasa kinachoua magari ya Dodoma, na je, kimo kwenye hiyo karatasi?

Waranti huahidi jambo moja: kifaa kikifa kwa kosa la utengenezaji, mtoaji atakitengeneza au atakibadilisha. Sasa Toyota IST ya mtumba iliyoshushwa bandarini na kilomita 90,000 imeshavuka umri wa makosa ya kiwandani. Kama kulikuwa na bolti iliyofungwa vibaya, ilijulikana huko huko Japani. Kinachoimaliza hapa ni vumbi la Nkuhungu na Nala, jua la Oktoba, maji ya bomba kwenye rejeta, na oili iliyochaguliwa kwa kuangalia rangi ya kopo. Hayo manne kwenye mikataba mingi yamo kweli, ila kwenye ukurasa wa yasiyohusika, pamoja na breki pedi, bushi, shokapu, tairi, betri na klachi.

Tutenganishe majina kwanza, maana hata wauzaji wanayachanganya. Gari jipya la wakala huja na waranti ya kiwanda, mara nyingi miaka 3 au kilomita 100,000, kimoja kikitimia imekwisha. Waranti ya nyongeza ni mkataba mwingine, wa kulipia, unaoanza ile ya kwanza ikikoma, na kwa kawaida unabeba vitu vichache zaidi. Gari la mtumba, yaani mengi tunayoendesha, haliji na ya kiwanda. Unachopewa yadi ni ahadi ya muuzaji mwenyewe ya miezi mitatu, sita au mwaka, na muuzaji akifunga yadi ahadi imekufa. Bima kubwa nayo si waranti. Inalipa ajali, moto na wizi. Giaboksi ikifia njiani bila kugongwa na mtu, bima kubwa haina habari nayo, na kuna watu wanaokata bima hiyo kila mwaka wakiamini wamemaliza yote.

Maji yanadharauliwa sana. Yeyote anayeishi hapa analijua birika lake: miezi michache tu ukoko mweupe umeshika chini. Ukoko huo huo unajijenga kwenye vijia vya rejeta, kwenye injini inayofanya kazi karibu nyuzi 90 siku nzima. Gari likianza kuchemsha, fundi anatoa themostati, kile kivalvu kinachozuia maji mpaka injini ipate joto, "ili maji yapite". Linaonekana limepona. Kumbe injini sasa inachelewa kupata joto, inakunywa mafuta zaidi, na ukoko uko pale pale. Siku ya safari ndefu gasketi ya silinda hedi inaungua. Mkaguzi wa waranti hahitaji mashine: anafungua mfuniko wa rejeta, anaona maji ya rangi ya kutu, anakuta themostati haipo, anafunga faili. Na ana haki. Dawa yake ni kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongeza kwenye betri (si asidi, tafadhali). Kwa gari dogo kama IST, galoni ya lita 5 inakaribia kujaza mfumo mzima. Hakuna waranti inayoshinda galoni hiyo.

Vumbi halina mengi. Filta ya hewa ipulizwe kutoka ndani kwenda nje, ibadilishwe mapema kuliko kitabu kinavyosema, basi.

Mfano unaofundisha zaidi ni wa Nissan X-Trail moja ambayo mafundi wa Kizota wanaibishania mpaka leo. Ni ya toleo la T31, injini ya lita 2, iliyonunuliwa kwenye yadi moja ya Dar. Waranti ya bure ilikuwa ya miezi mitatu. Mwenyewe akalipia nyongeza ifike miezi 12, "injini na giaboksi". Ilipofika Dodoma ikapelekwa sevisi ya kwanza kwa agizo lile la kawaida: badilisha oili zote. Oili ya injini ilibadilishwa vizuri. Kwenye giaboksi fundi akafungua nati ya chini, zikatoka lita 4 na kidogo, akarudisha lita 4 kamili za ATF nyekundu, oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida, ile inayozifaa Corolla za zamani. Hakupima. Giaboksi hiyo hupimwa kwa stiki oili ikiwa na joto la kati ya nyuzi 50 na 80, gari likiwa limewashwa, si ikiwa baridi asubuhi.

Shida si ile kidogo iliyopungua. Shida ni kwamba giaboksi ya T31 ni CVT. Ndani hakuna gia ya kwanza wala ya pili. Kuna puli mbili na mkanda wa chuma katikati yake, na puli zinapanuka na kubana ili kubadilisha mwendo. Mkanda hauna meno. Unashikwa na mgandamizo wa oili, na oili yake, NS-2, imetengenezwa ili chuma kikishike chuma bila kuteleza na bila kukwaruzana. ATF imetengenezwa kwa giaboksi za klachi na gia. Ukiimwaga kwenye CVT, na humo ndani imebaki nusu ya oili ya zamani isiyotoka kwa nati ya chini, mkanda unaanza kuteleza kidogo kidogo. Kila ukiteleza unazaa joto, na joto linazidi kuichosha oili.

Mwezi wa tano tangu linunuliwe, gari lilikuwa linapanda ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Bahi kwenda Manyoni. Saa tisa alasiri, abiria watano, AC inafanya kazi. Ukasikika mluzi chini ya miguu, mshale wa mizunguko ukagoma kupanda, mwendo ukashuka hadi 60. Likaegeshwa nusu saa, likaondoka vizuri kama hakuna kilichotokea. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Kompyuta iliona oili imepata joto kupita kiasi ikabana nguvu makusudi kuilinda giaboksi. Giaboksi ilikuwa bado hai. Kilichotakiwa kesho yake ni kushusha sinia ya chini, kuangalia sumaku zake (unga laini wa kijivu ni kawaida, vipande vinavyometa si kawaida), na kubadilisha filta zote mbili: ya wavu iliyo ndani ya sinia, na ile ndogo ya karatasi iliyojificha chini ya kipoza oili, ambayo mafundi wengi hawajui kama ipo. Kisha NS-2 ya kutosha, imwagwe na kurudiwa mara mbili ili ile nyekundu iishe. Badala yake gari likaendeshwa wiki tatu zaidi, Area D hadi Mtumba na kurudi, mpaka likawa linatetemeka kila linapoondoka kwenye taa.

Ndipo mkataba ukatolewa kabatini. Ulisema tatizo liripotiwe ndani ya siku 7 tangu dalili ya kwanza. Ukaguzi ufanyike yadi, Dar. Gharama ya brekidauni ni ya mwenye gari, na kutoka hapa ni kilomita 450 hivi. Alilipeleka. Mkaguzi akafanya mambo mawili tu. Alichungulia oili, akaona nyekundu. Akachomeka mashine, akasoma namba ambayo kompyuta ya CVT za Nissan huitunza, ya kuchoka kwa oili. Ikizidi 210,000, oili inadaiwa kubadilishwa. Ilikuwa imezidi kwa mbali.

Barua ya kukataa ilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza: oili isiyo sahihi, iliyowekwa na gereji isiyotambuliwa na mkataba. Ya pili: namba ile inaonyesha oili ilichoka kabla ya mauzo, kwa hiyo tatizo ni "hali iliyokuwepo kabla".

Soma tena hizo sababu mbili, Mhariri. Ya kwanza siwezi kuipinga; ATF kwenye CVT ni kosa, liwe la fundi au la aliyesema "zote". Ya pili ndiyo inayochemsha damu. Namba ile haijifuti yenyewe oili ikibadilishwa. Lazima ifutwe kwa mashine. Kwa hiyo haisemi lolote kuhusu oili iliyokuwemo siku ya ukaguzi. Na kama kweli ilizidi kabla ya mauzo, inachosema ni kwamba yadi iliuza waranti ya giaboksi bila kumwaga oili ya giaboksi, au iliimwaga bila kuifuta namba. Kwa vyovyote ni uzembe wa muuzaji, na muuzaji ndiye aliyeutumia kama ngao. Ungeiacha oili ya zamani, ungeambiwa ilikuwepo kabla. Umeweka mpya, unaambiwa si yenyewe. Mlango pekee uliobaki ulikuwa NS-2, gereji inayotambuliwa, risiti ya EFD, na gereji iliyotajwa kwenye mkataba ilikuwa moja, Dar. Huo ulikuwa mkataba wa mtu wa Kinondoni uliouzwa kwa mtu wa Nzuguni.

Giaboksi ya mtumba ilitafutwa Ilala, ikafungwa na NS-2, gari linatembea. Hata kipoza oili kilibadilishwa, maana ukifunga giaboksi nyingine kwenye kipoza kilichojaa unga wa ile ya kwanza umeanza upya ugonjwa ule ule.

Mpaka hapa jibu langu la usilipie linaonekana limepata nguvu. Lakini nikiangalia tena, kilichoiua ile waranti si uongo wote. Mwenye faili la risiti, kilomita zimeandikwa, aina ya oili imeandikwa, angebaki anapigana na sababu ya pili peke yake, na hiyo ni dhaifu hata mbele ya Tume ya Ushindani, FCC. Na CVT ndicho kifaa ambacho waranti ina maana kwake. Nissan wenyewe mwaka 2009, kule Marekani, waliongeza waranti ya CVT za magari ya mwaka 2003 hadi 2010 kufikia miaka 10 au maili 120,000, kama kilomita 193,000. Mtengenezaji haongezi hivyo kwa kifaa asichokitilia shaka. Ahadi ile ilikuwa ya magari yaliyouzwa kule. X-Trail iliyotoka soko la Japani haimo.

Hybridi, gari la petroli na umeme, nayo inanilegeza. Betri kubwa ya Toyota Aqua nyingi ina moduli (vipande vya betri) 20, ya Prius nyingi 28, na moduli moja ikichoka inazivuta nyingine. Ukiahidiwa waranti ya betri, uliza kama ni betri nzima au moduli iliyokufa tu. Kubadilisha moja na kuichanganya na za zamani ni kuahirisha msiba. Halafu tafuta tundu la hewa lililo kando ya kiti cha nyuma. Hewa ya kupoza betri inapita pale, na kwa vumbi letu wavu wake uangaliwe kila sevisi. Ukikutwa umeziba, mkaguzi ana sababu tayari.

Kuna na hesabu ya kibubu. Tuseme nyongeza ni laki nane kwa mwaka. Ukiweka 70,000 kila mwezi una 840,000, ni zako, hazina ukurasa wa yasiyohusika. Kwenye karatasi kibubu kinashinda. Ila akiba ya gari ikifika laki sita, Januari nayo inafika na ada zake. Hela ya waranti haiwezi kuombwa na shemeji. Kwa mtu anayejijua, hilo nalo lina thamani, ingawa hakuna muuzaji anayelitaja.

Kwa hiyo nabadilisha jibu, nusu. IST, Premio, Raum, zile zenye giaboksi ya gia za kawaida, si CVT: hapana, nunua kulanti. Gari jipya la wakala mwenye gereji hapa hapa Dodoma: ndiyo, lakini usisaini siku ya kwanza, kama mkataba unaruhusu kununua kabla ya waranti ya kiwanda kukoma, subiri mwaka wa tatu, utakuwa umeshalijua gari. Waranti ikiuzwa na kampuni ya bima, hakikisha kampuni imesajiliwa TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Hybridi: ndiyo, kwa betri nzima.

Na X-Trail T31, ile niliyoitumia kuwatisha watu? Lipia. Mradi siku ya kukabidhiwa waimwage oili ya giaboksi mbele yako, waweke NS-2, waifute ile namba kwa mashine, waandike kilomita na aina ya oili kwenye risiti, na gereji moja ya Dodoma itajwe kwa jina kwenye mkataba. Wakikataa mojawapo, laki nane hiyo waipunguze kwenye bei ya gari.

Msomaji, Kisasa, Dodoma