Maswali ya Wasomaji: Mashine ya Hewa Moto Nyumbani

SWALI: Mhariri, salaam. Nimerithi nyumba ya zamani ambayo milango na madirisha yake ya mbao yamepakwa rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka. Fundi amenishauri niachane na msasa nitumie mashine ya hewa moto, ile ambayo wao huiita hiti gani. Je, naweza kuitumia mwenyewe bila hatari? — Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, fundi wako hakukosea kuhusu kifaa, ila ameruka hatua ya kwanza, ambayo ni kujua rangi hiyo ina nini. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, hasa kwa watoto wadogo na kwa mimba. Joto kali huigeuza risasi hiyo kuwa moshi unaovutwa bila kuonekana, na kukwangua huacha vumbi linalotua sakafuni, mahali ambapo mtoto hutambaa. Nchini Marekani, ambako rangi za nyumba zenye risasi zilipigwa marufuku mwaka 1978, kanuni za ukarabati huruhusu mashine hii kwenye rangi ya namna hiyo pale tu inapokuwa chini ya nyuzi joto 593 za Selsiasi. Usiichukulie tarakimu hiyo kuwa ruhusa ya kufika 590. Ikiwa huwezi kuipima rangi yako, ichukulie kuwa ina risasi: fungua mlango kwenye bawaba zake uukwangulie uani, tandika turubai chini, vaa barakoa yenye kichujio cha mafusho ya metali (ile ya kitambaa haikusaidii kitu), watoto na wajawazito wakae mbali, kisha futa kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia. Msasa mkavu, kwa rangi ya aina hiyo, ni mbaya kuliko hewa moto.

Sasa kazi yenyewe. Mashine nyingi za aina hii hufikia nyuzi 500 hadi 600, na mbao inaweza kuwaka kabla ya kiwango hicho. Kwa hiyo anza na joto la chini, shikilia mdomo wa mashine umbali wa vidole vitatu au vinne kutoka kwenye mbao, usogeze bila kusimama, na mara rangi inapofura, ikwangue kabla haijapoa. Ukiona inatoa moshi au inageuka nyeusi, umezidisha. Karibu na kioo weka kipande cha bati kukikinga, kwa sababu kioo kilichopata joto upande mmoja hupasuka. Tina, vanishi na dawa za kubandua rangi zikae mbali kabisa.

Hatari ninayoiogopa zaidi haionekani wakati wa kazi. Hewa ya moto hupenya kwenye nyufa za fremu, hukuta vumbi la mbao, majani makavu au kiota cha ndege nyuma yake, na moto hufukuta taratibu hata baada ya wewe kuondoka. Kwa hiyo usibandue rangi jioni ukaenda kulala. Maliza mapema, weka ndoo ya maji karibu, na rudi kugusa na kunusa fremu mara kadhaa kwa muda wa saa moja. Mabaki ya rangi ya moto nayo yasitupwe kwenye pipa lenye karatasi.

Jambo la umeme ni fupi. Mashine ya wati 2,000 hutumia karibu ampea 9, mzigo ambao ekstensheni nyembamba haiuwezi, na ile iliyobaki imekunjwa kwenye kibiringi chake huyeyuka mapema zaidi. Chomeka moja kwa moja ukutani.

SWALI: Mafundi bomba wa kwetu hupasha bomba la PVC kwenye moto wa karatasi ili kutanua mdomo wake, bomba jingine liingie. Je, mashine hii si bora zaidi? — Msomaji, Mombasa

JIBU: Ni bora kuliko moto wa karatasi, lakini haiifanyi desturi hiyo kuwa nzuri. PVC hulainika kwenye nyuzi zipatazo 80 tu, na ikipashwa kupita kiasi hutoa gesi ya asidi inayochoma macho na mapafu. Kwa bomba la maji machafu lisilo na mgandamizo unaweza kuvumilia, ukiwa mahali penye hewa. Kwa bomba la maji safi linalotoka kwenye tangi la juu au pampu, nunua soketi, yaani kiungo cha mabomba, na gundi yake: ukuta wa bomba lililotanuliwa huwa mwembamba, na mara nyingi huvuja likiwa tayari limefukiwa.

SWALI: Friza yangu imejaa barafu. Naweza kuiyeyusha kwa mashine hiyo? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Hapana. Plastiki ya ndani itapinda, na friza nyingi za sasa zina gesi ya kupoozea inayowaka, ambayo mrija wake unaweza kuwa umejificha nyuma ya barafu hiyo hiyo unayoielekezea joto, kwa hiyo hata kisu usikitumie. Chomoa waya, acha mlango wazi, weka bakuli la maji ya moto ndani, na usubiri.