Maswali na Majibu: Mwanga wa Tochi za Kambini

Nina tochi mbili, moja ya lumeni 1,000 na nyingine ya 400. Mbona ya 400 inafika mbali zaidi?

Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka. Umbali unategemea kandela, yaani ukali wa mwanga pale katikati. Kikombe cha kuakisi kikiwa kipana, kirefu na laini, mwanga hukusanyika. Kikiwa kifupi au chenye vinundu, husambaa. Kwa ANSI FL1, kanuni ya kupimia tochi, umbali huhesabiwa hadi pale mwanga unapobaki laksi 0.25 (laksi ni kipimo cha mwanga unaofika mahali), kiasi cha mbalamwezi. Chukua kipeuo cha pili cha kandela, zidisha kwa 2: kandela 10,000 ni mita 200, na ili ufike mita 400 unahitaji 40,000. Kumtambua mnyama au njia vizuri, tegemea nusu tu ya umbali ulioandikwa.

Nitalinganishaje tochi nyumbani?

Usiyaamini macho, maana yanazoea mwanga upesi. Jaza chaji betri zote, weka programu ya kupima laksi kwenye simu ya Android, kisha zima taa katika chumba chenye dari nyeupe. Laza simu mezani, kioo juu. Simamisha tochi kando yake ikimulika dari, na kila tochi ikae mahali pale pale. Soma namba baada ya sekunde 30, usome tena baada ya dakika 10. Hiyo ya pili ndiyo muhimu kambini: tochi ndogo zenye nguvu hupata moto, nazo hujipunguza zenyewe ili zisiungue. Namba hizo si lumeni, ila uwiano wake unafaa kulinganishia, mradi simu ni moja. Kwa umbali, mulika kitambuzi cha mwanga cha simu moja kwa moja kutoka mita 5 na uzidishe laksi kwa 25. Utapata makadirio ya kandela.

Betri ya 18650 (ile ya mviringo ya kuchaji, ya tochi) ya mAh 9,900, yaani kiasi cha umeme inachohifadhi, ipo kweli?

Haipo. Nyingi zilizo nzuri za ukubwa huo huishia karibu 3,500. Ipime kwenye mizani: iliyo halisi ina gramu 45 hivi. Ikiwa na 30, usiinunue.

Kilimanjaro, usiku wa kwenda kileleni, nibebe ya lumeni ngapi?

Tochi ya kichwani ya 200 hadi 300 inatosha, na muda mwingi utatembea na 100 au pungufu. Kinachowaangusha wengi ni betri. Safari huanza karibu saa sita usiku, kwa hiyo unahitaji saa sita au saba za mwanga kwenye baridi ya chini ya sifuri, na betri za alkali hudhoofika hapo. Tumia za lithiamu, za akiba ziwe mfuko wa ndani karibu na mwili. Tena angalia: “saa 40” za kwenye boksi huhesabiwa mpaka mwanga ushuke hadi asilimia 10 ya ule wa mwanzo.