Nimerithi wembe wa babu: nianze na sabuni ipi?

SWALI

Mimi ni kijana wa miaka 26, mkazi wa Tanga. Babu alipofariki, bibi alinikabidhi wembe wake wa kukunja, wenye mpini mweusi na neno Solingen lililochongwa kwenye chuma. Nimejaribu kunyoa nao mara mbili kwa sabuni ya kuogea. Mara zote povu lilikauka kabla sijafika kidevuni, wembe ukawa unavuta ndevu badala ya kuzikata, na shingoni nikatokwa na vipele vinavyowasha. Je, niendelee, au kazi hii niwaachie vinyozi? Na sabuni ipi inamfaa mtu anayeanza?

Msomaji, Tanga

JIBU

Ndugu yangu, nakupa pole kwa vipele na nakupongeza kwa urithi huo. Solingen ni mji wa Ujerumani ambao mafundi wake wametengeneza visu na nyembe kwa karne nyingi, na wembe wenye muhuri wake, ikiwa kutu haijala makali, unaweza kukutumikia hadi nawe umkabidhi mjukuu. Endelea, lakini si leo. Naomba uuweke kabatini kwa wiki mbili, uendelee kunyoa kwa ule uliouzoea, na muda huo wote ujifunze jambo moja tu, nalo ni kutengeneza povu.

Sabuni ya kuogea hutengenezwa ili itoe povu upesi na kusuuzika upesi. Mafuta ya nazi, ambayo yamo katika nyingi kati ya sabuni hizo, hutoa mapovu makubwa yanayopasuka mara moja na kuiacha ngozi kavu. Sabuni ya kunyolea huwa na asidi ya steariki kwa wingi, ile inayopatikana katika shahamu ya ng'ombe, na mara nyingi hupikwa kwa potasi pamoja na kostiki soda, ndiyo maana hulainika kwa urahisi na povu lake hudumu. Unaponunua, soma viambato: asidi hiyo ikiwa miongoni mwa vile vya mwanzo, umepata kitu cha kufaa. Arko, sabuni ya kijiti kutoka Uturuki, ni ya bei nafuu ingawa harufu yake ni kali. Proraso ya Florence, Italia, ina aina ya kijani yenye mikaratusi na mentholi, na nyeupe kwa ngozi nyepesi kuwashwa. Kwa hali ya shingo yako ningekuchagulia nyeupe, tena ya krimu, kwa sababu krimu hukorogeka upesi na humsamehe anayeanza, ilhali mentholi hupoza ngozi wakati ambapo unahitaji kuusikia wembe barabara.

Hukutaja maji, nami nashuku kwamba yanahusika. Visima vingi vya pwani vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, na maji yake hubeba chokaa. Chokaa hiyo hushikana na sabuni na kufanya utando mweupe, ule ule unaouona kwenye ndoo, na sabuni iliyogeuka utando haiwezi tena kutoa povu. Ukiona magamba meupe ndani ya birika, jua kwamba ndiyo hali yako. Kuchemsha husaidia kwa sehemu tu. Maji ya mvua ni bora zaidi, na kikombe kimoja kinatosha kwa kunyoa mara moja.

Loweka brashi ya kunyolea, ikung'ute, kisha weka krimu kiasi cha punje ya harage ndani ya bakuli na uizungushe huku ukiongeza maji kwa matone. Mwanzoni povu huwa zito na halina mng'ao. Hapo ndipo wengi huacha, na hapo ndipo hupaswi kuacha. Ongeza matone machache, zungusha tena, mpaka ling'ae kama mtindi mzito na vitundu vya hewa visionekane. Lisugue kati ya vidole viwili: vikiteleza bila kugusana, liko tayari. Lipake, usubiri dakika tano. Likiwa bado na unyevu, umefaulu.

Sasa wembe. Uliokaa miaka kabatini hauna makali ya kunyolea hata kama unakata karatasi, na kuvutwa kwa ndevu ni dalili yake. Tafadhali usimpe mnoa visu wa baiskeli, kwa kuwa jiwe lake linalozunguka litaharibu chuma hicho chembamba kwa dakika moja. Unahitaji fundi mwenye jiwe laini la daraja la 8,000 au zaidi, na baada ya hapo mshipi wa ngozi, ambao utaupitishia wembe kama mara 40 kabla ya kila kunyoa, mgongo wake ukitangulia na makali yakifuata. Ukikosea mwelekeo utaukata mshipi.

Wiki ya kwanza nyoa mashavu tu, baada ya kuoga, na umalizie kwingine kwa wembe wa kawaida. Wembe wa babu uinamishe kwa nyuzi kama 30 kutoka kwenye ngozi, mpapaso mfupi, bila kukandamiza, na kamwe usiutelezeshe kwa upande. Ukikuponyoka, uache uanguke.

Shingo iache mpaka vipele vipone, na vikitoa usaha umwone daktari. Ndevu zetu za kujikunja, zikikatwa chini mno, hurudi kuchoma ngozi kutoka ndani. Kwa hiyo fuata uelekeo zinakoota, pitisha mara moja tu, na ukaze ngozi kiasi cha kuinyoosha, si kuivuta. Ukimaliza, suuza kwa maji baridi na upitishe shabu iliyoloweshwa.

Wembe wenyewe ufute hadi ndani ya mpini na uupake tone la mafuta ya cherehani, kwa maana chuma cha zamani hushika kutu upesi katika hewa ya chumvi. Usiuhifadhi bafuni, wala usimwazime mtu, hata ndugu yako wa tumbo moja, kwa sababu homa ya ini aina ya B huambukizwa kwa damu ndogo mno isiyoonekana kwa macho.