Alama ya sawasawa haina maana ya "halafu"

Wadogo zangu mnaoanza hisabati, nimemaliza kusahihisha rundo la madaftari na makosa ni yaleyale ya waliowatangulia. Akili mnazo. Kinachowaponza ni kuandika alama bila kuzisoma.

1. Alama ya sawasawa. Hapa nitakaa, maana ndiyo inayoniuma. Swali linataka 5 ujumlishe 3, uzidishe kwa 2, kisha utoe 4. Mtu anashusha mstari mmoja kwa kasi: 5 + 3 = 8 × 2 = 16 − 4 = 12. Jibu ni 12 kweli, na ukimkata alama ananuna. Lakini hebu soma ulichoandika: 5 + 3 ni sawa na 8 × 2, yaani 8 ni sawa na 16, na hiyo 16 nayo ni sawa na 12! Robert Recorde, aliyeianzisha alama hii mwaka 1557, alichagua mistari miwili sambamba yenye urefu mmoja kwa hoja kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana kuliko hivyo. Ukiiweka, umedai kwamba kulia na kushoto ni kitu kimoja. Kwenye kujumlisha na kutoa unaweza kuponea chupuchupu. Subiri milinganyo: 2x + 6 = 14 = 2x = 8 = x = 4. Hapo 14, 8 na 4 zote zimekuwa sawa, na nikikwambia tafuta ulipokosea, huna pa kuanzia. Teremka mstari, jamani. Hatua moja, mstari wake.

2. MAGAZIJUTO, yaani mpangilio wa kufanya hesabu: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kutoa na kujumlisha vina hadhi moja, kama ilivyo kwa kugawanya na kuzidisha. Unafanya kuanzia kushoto kwenda kulia. 10 − 4 + 3 ni 9. Anayeanza na JU kwa kuwa imetangulia TO anapata 3, na ataapa kuwa amefuata kanuni. Huyo simkemei, kwa sababu alikaririshwa herufi bila kuelezwa.

3. Mabano: (−3)² ni 9, −3² ni −9. Yaandikeni.

4. Alama za uandishi zikiingia kwenye hesabu hubadili kazi. 5! ni 5 × 4 × 3 × 2 × 1, yaani 120. Ya kuchunga zaidi ni koma: 1,500 kwenye kitabu cha Kiingereza ni elfu moja na mia tano, kwenye cha Kijerumani ni moja na nusu. Angalia kitabu ni cha lugha gani kabla hujagusa kikokotoo.

5. Mwaka 1698 mwanahisabati Leibniz alimwandikia mwenzake Johann Bernoulli kwamba haipendi × kwa kuwa inachanganywa kirahisi na x, akatumia nukta. Nanyi mkifika aljebra, tumieni nukta, au wekeni 3 na x bega kwa bega: 3x.